Mtambo wa Sita

Ukitaka kumjua mtu aliyechoka, usimtafute kwa wabeba magunia. Mtafute yule anayemweleza bosi wake jambo lile lile kwa mara ya nne, tena anatabasamu.

Injinia alikuwa anatabasamu. Mashavu yalishaanza kumuuma.

"Bosi, nisikilize kidogo tu. Tulikuwa na mitambo mitano. Mitano ilitutosha."

"Na sasa ipo sita," Bosi akasema, anapapasa kabati la chuma lililokuwa karibu kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyetoka kumnunua. "Sita ni zaidi ya tano. Au hesabu zimebadilika tangu nimalize shule?"

"Hazijabadilika. Ila hii mitambo inapiga kura."

"Basi kura zimeongezeka. Demokrasia hiyo!"

Akacheka peke yake. Akarekebisha tai, akatoka, akamwacha Injinia na baridi ya kile chumba na ngurumo ya feni, kelele ambayo ukiisikia kutwa nzima unafika nyumbani bado inakuvumia kichwani.

Sasa sikia, maana bila hili hutaelewa kwa nini dada wa watu alitaka kung'ata waya. Kampuni yao inabeba mazungumzo ya video. Ukimpigia mtu mkaonana sura, sura yako na sauti yako zinapita kwanza kwenye ile mitambo, ndipo zimfikie mwenzako. Mitambo inaishi kama ukoo. Kila mara inaulizana: upo? Nipo. Upo? Nipo. Na ukoo lazima uwe na mkubwa, yule anayegawa kazi, huyu abebe mkutano huu, yule abebe ule. Mkubwa anachaguliwa kwa kura, na sheria ni moja tu: bila kura zaidi ya nusu, hakuna mkubwa. Bila mkubwa, kila mtu ananyamaza na kungoja. Sheria nzuri sana, kwa sababu mafahali wawili hawakai zizi moja.

Zamani, mitatu ilikaa hapa, miwili ikakaa jengo la ng'ambo ya barabara, kwa Twiga. Twiga ni fundi mwenzake, mrefu mpaka anaingia mlangoni kwa kuomba ruhusa ya fremu. Kati ya majengo mawili kuna madishi madogo juu ya mapaa, yanatazamana uso kwa uso. Yakiacha kuonana, mitatu ya hapa inasema, sisi ndio wengi, kazi iendelee. Miwili ya kule inanyamaza kwa adabu. Mpiga simu hata hajui.

Halafu Bosi akanunua wa sita. Akataka ukae kwa Twiga, "ili huku tatu na kule tatu, tusionekane tuna upendeleo." Upendeleo! Kwa vyuma! Injinia alibisha. Akabisha tena kwa mchoro. Mwishowe akachoka, akavuka barabara, akafunga skrubu kwa mkono wake mwenyewe. Leo wageni wanakuja kuiona yote sita kwenye skrini kubwa ya huku, na Bosi ameshawaandalia hafla.

Simu ikatetema mfukoni. Kitindamimba.

"Dada, fungua mkutano. Wote tayari. Na saa zinakimbia."

Tabasamu likaisha hapo hapo.

Maana mitambo ilikuwa shida ya kazini, lakini hii ilikuwa ya moyoni. Mama yao ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari bingwa amekuja kwa muda mfupi kwenye hospitali ya karibu na nyumbani, na Mama amepata nafasi ya kupasuliwa kesho asubuhi. Hospitali imesema wazi: mtujibu kabla ya saa kumi leo, mkichelewa nafasi anapewa mwingine. Na daktari akishaondoka, kurudi kwake anajua Mungu.

Shida ni kwamba kwao hakuna jambo kubwa linalofanyika mpaka watoto wote wakae. Marehemu baba aliacha hivyo na Mama anaishika hiyo kauli kama mboni ya jicho, hilo hilo lisiloona. Watoto wako sita, kila mmoja na mji wake. Injinia akajitia kimbelembele kwenye kundi la familia: "Tukutane kwa video kwenye mtandao wetu. Haukatiki."

Haukatiki! Jamani, ulimi.

Akakaa sakafuni kati ya makabati, akaegemeza simu kwenye boksi la kebo, akafungua. Sura zikaanza kuingia. Ya Kaka Mkubwa haikuwa sura, ilikuwa dari, pangaboi na kipande cha kipaji cha uso kinachong'aa. Dada Mkubwa alikuwa anaongea kwa hisia kali bila sauti.

"Dada, umezima sauti."

Dada Mkubwa akaendelea, mikono hewani.

"DADA. SAUTI."

"…na ndiyo hayo niliyotaka kusema, nimemaliza," sauti ikatokea.

"Hatujasikia hata neno."

"Sirudii."

Mapacha walikuwepo, kila mmoja kwake. Kitindamimba, ambaye ndiye anaishi na Mama, alikuwa ameielekeza simu puani mwake mwenyewe. Mama alikuwa hapo pembeni, haonekani, anakohoa.

"Ajenda ya kwanza," Kaka Mkubwa akaanza, pangaboi linazunguka.

"Kaka, ajenda ni moja. Mama apasuliwe au asipasuliwe?"

"Usinikimbize. Sikio halizidi kichwa. Mimi nasema hapana. Yule jirani yetu, mshona viatu, si alikwenda akiona nusu, akarudi haoni kabisa?"

"Yule hakwenda hospitali!" Kitindamimba akaruka. "Alitiwa dawa ya unga na mtu wa sokoni!"

"Jicho ni jicho."

"Na Mama mwenyewe kaniambia haumwi," Dada Mkubwa akadakia. "Mtu haumwi, mnampasulia nini? Mmekosa kazi?"

"Dada, wewe uko mbali," Kitindamimba akasema, sauti imeshuka. "Juzi nimetoka kuoga namkuta anaongea na koti langu mlangoni. Analiuliza kama limeshakula."

Pacha mmoja akacheka, akajizuia. Halafu wakapiga kura, kwa sababu hata kulia kwao kunahitaji kura. Apasuliwe: Injinia, Kitindamimba, Pacha wa kwanza. Asipasuliwe: Kaka Mkubwa, Dada Mkubwa, na Pacha wa pili, ambaye hajawahi kumpinga Kaka tangu azaliwe.

Tatu kwa tatu.

"Turudie," Kaka akasema.

Ndipo picha zikaganda. Dada Mkubwa mdomo wazi, pangaboi limesimama, pua ya Kitindamimba imejaa skrini kama mapango mawili. Chini yake maneno: *Tafadhali subiri.*

Injinia akainua macho. Taa zote za mitambo yake zilikuwa za manjano. Simu ya mezani ikalia, alikuwa Twiga.

"Wee, huko mnatuona?"

"Hatuwaoni. Nyinyi?"

"Hatuwaoni. Mitatu yangu imeduwaa tu, inangoja mkubwa."

"Na yangu pia. Twiga, tatu kwa tatu."

"Si tulisema?"

"Tulisema."

Taa zikarudi kijani. Sura zikaanza kujongea.

"Kama nilivyokuwa nasema," Kaka Mkubwa akaanza upya kabisa, "ajenda ya kwanza…"

Zikaganda.

Zikarudi. "Ajenda ya kwanza…" Zikaganda. Ziliporudi tena, Dada Mkubwa alikuwa amevimba.

"Injinia! Huu ndio mtandao usiokatika?"

"Dada, nashughulikia."

"Unakata makusudi! Umeona unashindwa kura ndiyo unatukata!"

"Nashindwaje? Tatu kwa tatu ni kushindwa?"

"Nilikuwa karibu kumgeuza mmoja wenu na we unajua! Mwizi wa kura we—"

Zikaganda, kidole cha Dada kimenyooka kama mshale. Bora angegandia pozi lingine.

Injinia akatia simu mfukoni, akapanda ngazi mbio hadi juu ya paa, anajisemea njia nzima. Dishi likiwa limelegea atalikaza. Waya ukiwa umeliwa na panya atabadilisha. Kila kitu kina dawa yake.

Akafungua mlango wa paa.

Mbele yake lilikuwa limesimama hema jeupe, kubwa, la hafla, viti vimepangwa ndani, meza ina kitambaa. Juu yake bango: MITAMBO SITA, HAKUNA KUKATIKA. Na nyuma ya hema, limejificha kama mtoto aliyevunja glasi, dishi. Upepo ukivuta, turubai la ubavuni linatuna, linaziba dishi zima. Upepo ukishusha pumzi, linalegea, dishi linaona.

Injinia alisimama akalitazama lile bango. Alilisoma lote. Akalisoma tena. Kuna hasira ambazo hazina hata sauti.

"Umelionaje?" Bosi akauliza kutoka ndani ya hema, anapanga chupa za maji. "Nimesimamia mwenyewe."

"Bosi. Hili hema linaziba dishi."

"Dishi lipi?"

"Linaloongea na la Twiga. Linakata mawasiliano kila upepo ukivuma, na kwa sababu mitambo ni tatu kwa tatu, kila ikikata, wateja wote wanaganda. Hafla ya kutokukatika ndiyo inakata."

Bosi akalitazama turubai. Akatazama saa. "Haliondoki. Wageni wako njiani."

"Basi nizime wa sita. Tubaki mitano, hata tukikatwa kazi inaendelea."

"Uzime! Watu wanakuja kuhesabu taa, we unataka uzime!"

"Basi nipe wa saba."

Bosi akatoa macho. "Si ni wewe uliyekuwa unalia sita ni mingi? Leo unataka saba?"

"Sikusema mingi! Nilisema inagawanyika sawa! Sita inagawanyika, saba haigawanyiki!"

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Haki ya Mungu, alichora. Alichora kwa rangi mbili. Injinia akafumba macho, akavuta pumzi, akaachana na hoja hiyo kwa sababu ya saa kumi.

"Sihitaji mtambo mpya," akasema. "Kompyuta yoyote, hata mbovu. Haitabeba simu ya mtu. Kazi yake kukaa upande wangu, kusikiliza, na kupiga kura. Basi."

"Chukua unachotaka. Hema halitoki."

Simu ikaita. Twiga.

"Unakuja lini kututoa huku? Na simu ya mezani hukuiweka chini, nimesikia unagombana na dada yako, kulikoni?"

"Familia nayo tatu kwa tatu, Twiga."

Twiga akacheka mpaka akakohoa. "Nyinyi mna laana ya shufwa! Tafuteni wa saba na nyinyi!"

"Sina muda wa utani."

"Wala sitanii," akasema, na simu ikakatika.

Injinia alijua pa kuipata. Kulikuwa na kompyuta ya zamani ya mapokezi, bawaba moja imevunjika, herufi kadhaa zimeng'oka, ambayo siku hizi kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaishusha chumba cha baridi, akaichomeka. Ikawaka. Ikalia kama mgonjwa, lakini ikawaka. Akaiwekea programu ya kupiga kura, akaketi aiingize kwenye ukoo.

*Imekataliwa. Hakuna mkubwa.*

Ah. Bila shaka. Mgeni hapokelewi mpaka wengi wakubali, na wengi hawawezi kukubali wakati hawaonani. Kwa hiyo lazima dishi lione, angalau kidogo, bila kupepesa. Na huko nje upepo ulikuwa umepata mchezo.

Akapanda tena ngazi. Magoti yakimwambia, dada, hatukubaliani hivi.

"Bosi, vua koti."

"Ati?"

"Au usivue. Njoo hapa ubavuni. Kumbatia hili turubai, livute kwako, libane kifuani. Hivyo. Kaza. Usiliache mpaka nikwambie."

"Mimi? Na hii suti?"

"Wageni wakija wakute taa za manjano?"

Bosi akalikumbatia hema. Upepo ukavuta, naye akavuta, tai ikamrukia usoni. Akaitema. "Haraka basi!"

Injinia akashuka. Taa zilikuwa kijani. Akaandika amri, akabonyeza. Mitambo ikaulizana. Wa kwanza: ndiyo. Wa pili: ndiyo. Wa tatu pia. Kimya kidogo, kimya kirefu, cha meseji yenye tiki moja. Halafu wa nne kule kwa Twiga: ndiyo. Wa tano pia. Na wa sita, ule ule mtambo chanzo cha yote: ndiyo.

Kompyuta ya stoo ikawa mwanaukoo.

Akafungua simu. Sura zikarudi, na zikarudi zinagombana. Kaka Mkubwa alikuwa kwenye ajenda ya kwanza. Dada Mkubwa na Pacha wa kwanza walikuwa wameshafika kwenye sufuria iliyopotea miaka ile. Ila mahali pa Kitindamimba hapakuwa na pua tena. Kulikuwa na jicho. Moja tu, karibu mno, lina ukungu mweupe katikati, linageuka huku na huku likitafuta.

Kitindamimba alikuwa amempa Mama simu amshikie, akaenda kutafuta vocha ya bando.

Hakuna aliyemwona. Watu watano wanaongea juu ya macho ya mtu, na jicho lenyewe liko katikati yao, limejaa skrini.

Injinia akakumbuka utani wa Twiga.

"Nyamazeni," akasema. Hawakunyamaza. "NYAMAZENI! Au nitawakata kweli!"

Wakanyamaza.

"Mama. Sisi tumeongea mpaka tumechoka. Wewe unasemaje?"

"Mimi?" Jicho likarudi nyuma kidogo, uso ukaonekana. "Leo mmenikumbuka. Nimekaa hapa tangu mchana, kila mtu ananisemea. Mara Mama haumwi, mara Mama anaogopa."

"Lakini Mama, si uliniambia huumwi?" Dada Mkubwa akajitetea.

"Siumwi. Sikusema naona."

Dada Mkubwa akafungua mdomo. Safari hii sauti ilikuwepo, maneno ndiyo hayakuwepo.

"Mama," Kaka Mkubwa akaanza, taratibu, "mimi naogopa tu. Jirani yule—"

"Nakusikia, mwanangu, ila uko wapi? Huyu hapa si Pacha? Na hiki cheupe hapa juu ni nini? Kinang'aa. Sahani?"

Hakuna aliyecheka, ingawa wote walitaka. Kaka Mkubwa akaishika simu vizuri. Dari ikatikisika, pangaboi likapotea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo simu yake ikashuka mpaka uso wote ukaingia: macho, pua, ndevu zenye mvi ambazo Mama hakuwa anajua kama zimeota.

"Ni mimi, Mama."

Mama akaisogeza simu, akaitoa mbali, akairudisha. Akatikisa kichwa.

"Sikuoni. Nataka kupasuliwa. Na kama nitarudi sioni, nitakuwa nimepoteza nini? Hiyo sahani?"

Kaka Mkubwa akajifuta uso kwa kiganja. "Mpelekeni," akasema. "Nani anapigia hospitali? Mbona mmekaa? Saa kumi hiyo!"

Hebu ona mtu huyo! Alivyowachelewesha mchana kutwa, sasa ndiye anawahimiza.

"Mama, nipe simu nipige," Kitindamimba akasikika kwa mbali.

"Subiri, sijamaliza na hawa."

"Mama, saa kumi!"

"Nimesema subiri. Nyie wa sufuria, nani kaitaja sufuria yangu?"

Injinia akainyakua simu ya mezani, akapigia hospitali mwenyewe. Ikaita. Ikaita. Mwanamke akapokea, amechoka naye, sauti ya mtu aliyebakiza dakika chache za kuvumilia watu. Injinia akataja jina la mama yake mara mbili.

"Nilikuwa naenda kulifuta," yule mwanamke akasema. "Aje kesho asubuhi, mapema. Na aje na mtu mmoja. Mmoja, sio ukoo mzima."

"Mmoja," Injinia akasema. "Asante sana. Asante, mama yangu."

Akaweka simu chini. Akaegemea kabati. Ikalia tena papo hapo.

"Wee," alikuwa Twiga, ananong'ona, "nachungulia dirishani hapa. Juu ya paa lenu kuna mtu amekumbatia hema. Anatetemeka. Ni mzima huyo?"

"Mungu wangu. Bosi!"

"Na kuna magari yamesimama chini. Wenye suti wanashuka. Wanaangalia juu, wanapunga mkono. Naye hawezi kupunga, maskini, mikono imejaa."

Injinia akampigia Bosi. Iliita sana; bila shaka alikuwa anaipapasa kwa kidevu.

"Niachie?" sauti ikatoka imebanwa na turubai.

"Achia, Bosi. Achia!"

Huko juu kitu kikapiga *pwaa* kama tanga, na kelele ya viti kuanguka ikashuka mpaka chumba cha baridi. Kwenye skrini kubwa, ile njia ya kwa Twiga ikawa nyekundu. Imekatika. Injinia akabana pumzi.

Kompyuta ya stoo, ile yenye bawaba moja, ikapiga kura yake. Nne kwa tatu. Picha za simu zikatikisika mara moja kama mtu aliyejikwaa, halafu zikasimama wima.

"…na sufuria hiyo nitaitafuta mwenyewe," Mama alikuwa anaendelea, hajakatika hata silabi, "mkishanifungua tu vitambaa. Nitaingia jiko la kila mmoja wenu."

Mapacha wote wawili wakaangalia chini kwa pamoja.

Mlango ukafunguliwa. Bosi akaingia na wageni nyuma yake, nywele zimesimama, tai iko begani, uso mwekundu kwa upepo. Mmoja wa wageni akahesabu taa za kwenye skrini kwa kidole, akapata saba, akahesabu tena, akainama kuitazama ile kompyuta ya zamani sakafuni.

"Na hii?"

Bosi akamtazama Injinia. Injinia, aliyekaa sakafuni, simu mkononi, mama yake anamgombeza kila mtu humo ndani, akamtazama Bosi. Hakutabasamu. Mashavu yalikuwa yamepumzika.

"Hiyo," Bosi akasema, akakohoa, "muulizeni yeye. Alinieleza, tena kwa mchoro."